Feda zote chini, shii bado ipo: kuboresha kijumlishi cha mikisa ya analogi

Kwaya imeshuka jukwaani, fundi mitambo ameshusha feda zote za chaneli (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti), lakini spika bado zinatoa shii kama mtama unaomiminwa kwenye ungo. Akiteremsha feda ya masta, shii inakata. Basi amplifaya ya spika haina kosa, na maikrofoni hazina kosa, maana hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kelele inazaliwa katikati, pale chaneli zote zinapokutana kabla ya feda ya masta. Hapo ndipo ilipo amplifaya ya kujumlisha, ambayo humu tutaiita kijumlishi.

Mikisa za analogi (mashine za kuchanganya sauti) za chaneli 16, 24 au 32 bado ni nyingi Dodoma, makanisani, kwenye kumbi za harusi na kwenye studio ndogo. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na zina opampu (chipu za kukuza mawimbi ya umeme) za miaka ya 1970 na 1980: TL072, 4558 na ndugu zao. Ushauri unaosikika sana ni mmoja: chomoa hiyo, weka opampu ya kisasa, mikisa itakuwa mpya. Ushauri huo una ukweli nusu. Kubadili opampu ya kijumlishi kunaweza kushusha kelele kwa kiasi kinachosikika, lakini faida ina ukomo, na ukomo huo unaweza kuupiga hesabu kwa kalamu kabla hujashika soldagani.

Basi na abiria wake

Kila chaneli hutuma sauti yake kwenye waya mmoja mrefu unaopita chini ya bodi zote. Mafundi huuita waya huo basi, na jina limekaa vizuri: linapita kila kituo, linabeba kila abiria. Kati ya chaneli na basi kuna resista moja, mara nyingi ya kilo-ohmu 10, 22 au 47. Mwisho wa basi ni mguu wa hasi wa opampu. Kutoka mguu wa kutokea sauti kunarudi resista nyingine ya thamani ileile hadi mguu wa hasi. Hiyo ndiyo resista ya mrejesho. Mguu wa chanya umefungwa kwenye ethi, yaani sifuri ya saketi.

Opampu hufanya kila iwezalo ili mguu wake wa hasi ulingane volti na mguu wa chanya. Kwa kuwa chanya iko kwenye ethi, basi lote hubaki karibu na volti sifuri ingawa halijaungwa na ethi. Hii ndiyo ethi bandia. Faida yake ni kwamba chaneli hazionani: ukipandisha feda ya ngoma, sauti ya mwimbaji haitikisiki, kwa sababu kila chaneli inaona upande wa pili kama ukuta wa sifuri.

Sauti ya kila chaneli hutoka ikiwa na ukubwa uleule ilioingia nao, kwani resista ya kuingizia na ya mrejesho zinalingana. Ukiishia hapo utadhani kijumlishi kinafanya kazi nyepesi isiyokuza chochote. Kumbe sivyo.

Kelele haihesabiwi kama sauti

Kila opampu ina kelele yake ndogo ya ndani, na kelele hiyo huhesabiwa kana kwamba imeingizwa kwenye mguu wa chanya. Ukitazama saketi kutokea mguu huo, resista 24 za chaneli zimeshikana sambamba kwenda ethi. Resista 24 za kilo-ohmu 22 zikiwa sambamba ni sawa na resista moja ya ohmu 917 hivi. Mrejesho ni kilo-ohmu 22. Kwa hiyo kelele ya opampu inakuzwa mara 25: idadi ya chaneli, jumlisha moja. Sauti inapita kwa mara moja, kelele kwa mara 25, yaani desibeli 28. Kwenye mikisa ya chaneli 8 ni mara 9, desibeli 19. Kadiri mikisa inavyokuwa pana ndivyo kijumlishi chake kinavyoteseka, hata kama chaneli zote zimenyamaza.

Tuchukue mikisa ya chaneli 24 yenye resista za kilo-ohmu 22. Vipimo vya kelele hapa ni dBu, ambapo 0 dBu ni volti 0.775, na upana wa masafa ni hadi kHz 20.

TL072 ina kelele ya nanovolti 18 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi. Ikizidishwa mara 25 inakuwa 450. Resista nazo zina kelele, ile aliyoipima J. B. Johnson na kuielezea Harry Nyquist mwaka 1928: kilo-ohmu 22 hutoa nanovolti 19, na resista 25 (za chaneli pamoja na ya mrejesho) kwa jumla hutoa 95. Kelele zisizohusiana hujumlishwa kwa mraba, hazijumlishwi moja kwa moja, hivyo jumla ni 460, ambayo ni mikrovolti 65, au −81.5 dBu. Ukiweka NE5532 yenye nanovolti 5, sehemu ya opampu inashuka hadi 125 na jumla inakuwa −90.8 dBu. Hapo umepata desibeli 9 kwa aisi (chipu) ya bei ndogo kabisa.

Sasa jaribu LM4562, yenye nanovolti 2.7. Jumla inafika −93.0 dBu. Umelipa mara kadhaa, umepata desibeli 2. Sababu ni kwamba kelele kubwa sasa inatoka kwenye resista, na resista hazijui kama umenunua opampu ya bei mbaya.

Na bado hatujamaliza. Nyuma ya kila feda ya chaneli kuna opampu nyingine inayorudisha desibeli 10 hivi, kisha kitasa cha pani, kinachogawa sauti kushoto na kulia. Ikiwa nayo ni TL072, basi hata feda ikiwa chini kabisa opampu hiyo hutema kelele yake kwenye basi. Moja peke yake ni ndogo. Zikiwa 24, baada ya kupoteza desibeli 3 kwenye pani, zinafikisha −89 dBu hivi. Ukizichanganya na kijumlishi, hesabu halisi ya mikisa nzima inakuwa hivi: kabla ya kazi −80.8 dBu, ukiweka NE5532 kwenye kijumlishi −86.7, ukiweka LM4562 badala yake −87.5. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho haifiki desibeli moja, na hakuna sikio litakaloitambua ukumbini.

Lakini ukiacha NE5532 kwenye kijumlishi, kisha ukabadili pia opampu 24 za nyuma ya feda kuwa NE5532, jumla inashuka hadi −90.3. Ndiyo maana pesa ya ziada ni bora iende kwenye aisi nyingi za kawaida kuliko moja ya kifahari. Anayerekodi ilimba, ala ya vidole ya Wagogo, ambayo sauti yake ni ndogo na hudai geini (ukuzaji) kubwa, ataona faida ya desibeli hizo. Anayepigisha muheme, ngoma ya Wagogo, uwanjani, ngoma zenyewe zitafunika kila kitu.

Kuna faida ya pili ambayo watu huisahau. Opampu hutumia nguvu yake ya ziada kujisahihisha, na nguvu hiyo, inayopimwa kwa MHz, hugawanywa na ileile 25. TL072 ina MHz 3, ukigawa kwa 25 inabaki na kHz 120, hivyo kwenye kHz 20 ina akiba ya mara 6 tu ya kurekebisha makosa yake. NE5532 yenye MHz 10 ina akiba ya mara 20. Huu ndio ukweli ulio nyuma ya maneno ya "sauti imefunguka juu" ambayo watu husema baada ya mabadiliko; matoazi na herufi za "s" hazichubuki sana pale waimbaji wote wanapofungua vinywa kwa pamoja.

Pima kwanza

Multimeta haitakusaidia, kwani −90 dBu ni mikrovolti 24 tu. Laptopu yenye kiolesura cha sauti kinachoeleweka, pamoja na programu ya bure kama Audacity au REW, inatosha. Usihangaike na thamani kamili. Unachotaka ni tofauti kabla na baada, kwa mpangilio uleule.

Ingiza toni ya kHz 1 kwenye chaneli moja, ipandishe hadi mita ya masta isome 0, irekodi. Hiyo ni alama yako. Usiguse tena geini ya kiolesura, au ukiiongeza, andika umeiongeza kwa desibeli ngapi. Ondoa toni. Masta ibaki kwenye 0. Kisha rekodi sekunde 30 katika kila moja ya hali hizi: kwanza, chaneli zote zimeondolewa kwenye basi kwa swichi zake za kuelekeza, pili, zote zimeelekezwa kwenye basi lakini feda ziko chini, tatu, feda ziko kwenye 0 na geini za maikrofoni ziko chini kabisa.

Ikiwa hali ya kwanza tayari ina kelele nyingi, tatizo liko baada ya kijumlishi au kwenye umeme wa mikisa. Kelele ikiruka kati ya kwanza na ya pili, ni kijumlishi pamoja na opampu za nyuma ya feda, na makala hii inakuhusu. Ikiruka kati ya pili na tatu, kelele ni ya chaneli zenyewe, na kubadili kijumlishi ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Chaneli 24 zenye −90 dBu kila moja zikifunguliwa pamoja hutoa −76, na kijumlishi bora kuliko vyote duniani hakitaibadili namba hiyo. Dawa yake ni kufunga chaneli zisizotumika, ambayo ni bure.

Tahadhari moja: kuna mikisa ambazo swichi ya kuelekeza haiachi resista ikining'inia, bali huiunga na ethi. Hapo resista zote hubaki kwenye basi muda wote, na hali ya kwanza itakuwa na kelele zote za kijumlishi. Fungua bodi moja uone swichi inafanya nini kabla ya kutoa hukumu.

Sikiliza pia aina ya kelele. Shii ni opampu na resista. Mvumo wa Hz 50 au 100 ni umeme, na hiyo ni habari nyingine.

Mvumo na mguu wa chanya

Hapa ndipo faida kubwa kuliko zote hujificha, na haihitaji aisi mpya. Mguu wa chanya wa kijumlishi umefungwa kwenye ethi, lakini ethi ipi? Mara nyingi ni ile ya bodi ya masta, karibu na aisi. Chaneli nazo zina ethi yake, umbali wa nusu mita, na kati ya hizo mbili panapita mikondo ya taa, mita na regyuleta (aisi za kutuliza volti). Tofauti ndogo ya milivolti 0.1 kati ya ethi hizo huingia kupitia resista zote 24 na kutoka ikiwa milivolti 2.4. Hiyo ni −50 dBu ya mvumo, na hakuna opampu ya bei yoyote itakayoiondoa, kwa sababu kwa opampu huo si uchafu, ni sauti kama sauti nyingine.

Tiba: kata unganisho la mguu wa chanya na ethi ya karibu, uvute waya wake peke yake hadi kwenye ethi ya chaneli, katikati ya safu. Waya huo usibebe mkondo wa kitu kingine chochote. Uupitishe bega kwa bega na waya wa basi ili vyote viokote uchafu uleule. Kati ya mguu wa chanya na ethi ya bodi ya masta acha resista ya ohmu 100, ili siku waya ukikatika mguu usibaki ukielea. Kwa njia hii ile milivolti 0.1 hutoka ikiwa milivolti 0.1, badala ya kuzidishwa mara 24.

Ukiwa hapo, angalia kama kuna resista kubwa iliyowekwa kati ya mguu wa chanya na ethi. Wabunifu wengine waliiweka kusawazisha volti za DC (zisizobadilika). Resista ya kilo-ohmu 10 mahali hapo ina nanovolti 12.8, nayo inazidishwa mara 25 kama kelele ya opampu: 320. Ukiiacha, NE5532 yako itapiga kelele karibu sawa na TL072 uliyoitoa, na utadhani umeuziwa feki. Ibadili iwe waya, au iweke sambamba na kapasita ya mikrofaradi 100.

Kuchagua aisi

TL072, 4558, NE5532, OPA2134 na LM4562 zote zina opampu mbili na mpangilio mmoja wa miguu: 8 ni umeme chanya, 4 ni hasi, 2, 3 na 1 ni opampu ya kwanza, 6, 5 na 7 ni ya pili. Hapo unachomoa na kuchomeka. TL071 na NE5534 ni za opampu moja, mpangilio wake ni tofauti na hazibadilishani na hizo. NE5534 ina kelele ndogo kuliko 5532, lakini haina utulivu ikifanya kazi chini ya ukuzaji wa mara 3. Kwenye basi lililojaa iko salama, ila ukiondoa chaneli zote kwa swichi ukuzaji unashuka hadi mara 1 nayo inaanza kupiga kelele ya redio. Kapasita ya pikofaradi 22 kati ya mguu wa 5 na wa 8 huituliza. Palipo na TL074, yenye opampu nne, hakuna 5532 ya opampu nne. MC33079 yenye nanovolti 4.5 ndiyo inayokaa hapo. Mikisa nyingi za Kijapani zina 4558 au 4580 zenye miguu 8 kwenye mstari mmoja, na hapo inabidi ununue aisi ya umbo hilohilo au usolde adapta.

OPA2134 ina jina kubwa, lakini kelele yake ni nanovolti 8. Kwa kijumlishi 5532 inaishinda, na ni rahisi zaidi.

Pima volti za mikisa kabla ya kununua. Nyingi ni ±15, lakini zipo za ±17 na ±18. LM4562 mwisho wake wa kazi ni ±17. NE5532 huvumilia hadi ±22.

Umeme wenyewe nao una hesabu yake. TL072 hula mili-ampea 2.8, NE5532 hula 8. Kwa aisi mbili tatu za masta haina neno. Kwa 24 za nyuma ya feda ni mili-ampea 125 za ziada kwa kila upande, na ikiwa regyuleta ya 7815 inapokea volti 22, hiyo ni karibu wati 1 zaidi ya joto kwenye kila regyuleta. Pasha mikisa kwa saa moja, gusa bamba la kupoozea. Ikiwa tayari linaunguza kabla hujabadili kitu, anza na bamba kubwa zaidi. Anayebadili kila aisi ya mikisa nzima kwa mkupuo, mia moja au zaidi, anaongeza karibu nusu ampea, na transfoma huwa ya kwanza kulalamika.

Feki

NE5532 zinazouzwa kwa rejareja, ziwe za Kariakoo zilizokuja na basi au treni, au za kuagiza mtandaoni, mara kwa mara ni 4558 iliyofutwa maandishi na kuandikwa upya. Kuna vipimo viwili vya dakika tano. NE5532 halisi ina diodi mbili zilizopeana migongo kati ya mguu wa 2 na wa 3. Weka multimeta kwenye diodi: utasoma volti 0.6 hadi 0.7 pande zote mbili. TL072 na 4558 hazina kitu hicho. Kipimo cha pili ni njaa yake. Iweke kwenye bodi ya majaribio na betri mbili za volti 9, miguu ya chanya kwenye ethi, kila mguu wa hasi umeungwa na mguu wake wa kutokea sauti. Ikila mili-ampea 6 hadi 9 ni ya kweli. Ikila 2 au 3, irudishe dukani.

Kazi yenyewe

Chomoa waya wa umeme, subiri dakika kumi, pima kapasita kubwa za umeme hadi zisome chini ya volti 1. Piga picha za kila kiunganishi kabla ya kukivuta. Miezi ya kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu mno na mwili hubeba umeme tuli bila wewe kujua. Shika chesisi ya chuma kila unapotaka kugusa aisi.

Usihangaike kuokoa aisi ya zamani. Ikate miguu kwa mkasi mdogo, kisha toa mguu mmojammoja huku ukifyonza risasi. Bodi za zamani, hasa zile za rangi ya kahawia, huachia njia zake za shaba ukizipasha kwa zaidi ya sekunde 3 au 4. Weka soketi ya matundu ya duara. Soketi za bei rahisi zenye majani bapa hushika vumbi na kutu, na baada ya mwaka mmoja wa vumbi letu jekundu utaanza kusikia mikwaruzo usiyojua inatoka wapi. Kama soketi nzuri haipatikani, solda aisi moja kwa moja.

Kabla ya kuchomeka aisi, washa mikisa ikiwa na soketi tupu. Mguu wa 8 usome +15, wa 4 usome −15, wa 3 na wa 5 sifuri. Zima, chomeka, washa tena.

Kapasita mbili ndizo zinazotofautisha kazi ya fundi na ya mbahatishaji. Ya kwanza ni nanofaradi 100 ya seramiki kati ya mguu wa 8 na wa 4, ikiwa na miguu mifupi, iliyosoldwa chini ya bodi palepale kwenye aisi. TL072 ilikuwa inasamehe kukosekana kwake, 5532 haisamehi. Ya pili ni kapasita sambamba na resista ya mrejesho. Basi refu lina uwezo wa kapasita wa mamia ya pikofaradi kwenda ethi, na hilo huichelewesha opampu hadi ijichanganye. Pikofaradi 47 pamoja na kilo-ohmu 22 hukata kuanzia kHz 154, na kwenye kHz 20 hupoteza desibeli 0.07 tu. Ukitumia 100, unapoteza 0.3. Chagua seramiki ya aina ya NP0. Zile za X7R zinafaa kwenye umeme, si kwenye njia ya sauti. Ikiwa mikisa ilikuja na kapasita hapo, iache, uongeze tu kama dalili zinadai. Kwa LM4562, ambayo ina MHz 55 na hamaki za kufanana nazo, weka pia resista ya ohmu 47 kati ya basi na mguu wa hasi, kisha kapasita ya mrejesho iungwe kwenye mguu wenyewe.

Dalili za opampu iliyojichanganya ni hizi: mita inawaka bila sauti, redio inasikika kwa mbali, sauti inakuwa na mchanga, aisi inaunguza. NE5532 kuwa vuguvugu ni kawaida, kwani inakula robo wati. Ikikataa kidole kukaa juu yake kwa sekunde tano, zima.

Mikwaruzo ya feda baada ya kazi

Hili ndilo lalamiko linalorudi kuliko mengine yote. TL072 haivuti karibu mkondo wowote kwenye miguu yake ya kuingizia. NE5532 huvuta nanoampea 200 hivi, na mkondo huo ukipita kwenye kilo-ohmu 22 hutengeneza milivolti 4.4 za umeme wa DC. Mbunifu aliyejua anatumia TL072 huenda alibana matumizi na kuacha kapasita ya kuzuia umeme wa DC. Sasa umeme huo unapita kwenye feda ya masta, na kila ukiisogeza inakwaruza kama imejaa vumbi. Watu huinyunyizia dawa ya kusafishia mara tatu, haiponi.

Pima mguu wa 1 na wa 7 kwa multimeta kwenye volti za DC. Chini ya milivolti 20 ni sawa kwa kijumlishi, mradi kuna kapasita kabla ya feda. Kama haipo, weka mikrofaradi 47 isiyo na upande, ya volti 25 au zaidi. Kwa feda ya kilo-ohmu 10 hukata chini ya Hz 0.4, hivyo besi haiguswi. Ukibadili na zile za nyuma ya feda za chaneli, kila moja inahitaji kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka kwenye feda na resista ya kilo-ohmu 47 kwenda ethi upande wa opampu. Hiyo ni kapasita 24 na resista 24. Zihesabu kwenye bajeti kabla hujaanza, maana ukizisahau, kila feda itakwaruza.

Vishawishi vya kushusha resista za basi kutoka 22 hadi 10 huja mapema au baadaye, kwa kuwa kelele yake ingepungua kwa desibeli 3.4. Usifanye bila kuangalia pani. Kwenye mikisa nyingi resista hizo ndizo mzigo unaotengeneza mkunjo wa pani. Ukizibadili, katikati inazama na aliyekaa kati ya jukwaa anasikika amerudi nyuma. Utakuwa umetibu shii kwa kuharibu mchanganyo.

Maliza kwa kurudia zile rekodi tatu, kwa alama ileile ya kHz 1. Hali ya pili ikishuka desibeli 5 au 6 kwa kijumlishi peke yake, kazi imekaa sawa. Ikishuka 1 au 2, rudi kwenye resista ya mguu wa chanya, kisha kwenye kipimo cha feki, kwa mpangilio huo. Ikipanda, ni kapasita ya nanofaradi 100. Kisha andika kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko aina za aisi ulizoweka, thamani za kapasita na tarehe, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako.